Harufu ya Kabati la Mtoto

Mwezi ule wa mwisho wa ujauzito, ukimtaka Ruqaiya hukuwa na haja ya kuuliza yuko wapi. Alikuwa kwenye mkeka mbele ya kabati, mikono juu ya tumbo, mawazo yakiwa mbali. Chai ilipoa mbele yake. Sufuria ziliungua.

"Ruqaiya! Maharage!" mumewe Siraje aliita kutoka mlangoni.

"Maharage gani?"

"Yale yanayoungua, mama. Mtaa mzima unayanusa isipokuwa wewe."

Ruqaiya alicheka, akainuka polepole kwa kushika ukuta. Siraje alikuwa amemzoea. Hata siku alipomposa, binti huyu alikuwa akitazama mawingu, ikabidi amuulize mara mbili.

Walikaa Luzira, upande wa kuteremkia bandari ya Port Bell, katika vyumba viwili vya kupanga. Siraje alipakia mizigo kwenye mabehewa yanayovushwa ziwa kwa meli. Asubuhi ukungu ulipanda kutoka ziwani ukaingia mpaka uani. Honi ya meli ilipolia, Ruqaiya alisema mtoto anageuka tumboni ili asikie vizuri.

Kabati lenyewe halikuwa kitu cha kujisifia. Zamani palikuwa na mlango kati ya vyumba viwili. Mwenye nyumba aliuziba upande mmoja, likabaki shimo ukutani, upana wake hata mita haufiki. Siraje alipigilia mbao nne ndani, zikawa rafu, kisha akaweka mlango. Kando yake, nyuma ya pazia la maua, ndipo pangekuwa chumba cha mtoto. Chumba, jamani! Kitanda kidogo, ndoo na kiti kimoja. Lakini Ruqaiya alipokitazama aliona chumba kizima, tena kikubwa.

Alikuwa na sababu. Wazazi wake walifariki akiwa mdogo sana. Alilelewa na mashangazi, mwaka huu kwa huyu, mwaka ujao kwa yule. Nguo zake zilikaa kwenye mfuko wa nailoni, tayari kuhamishwa. Hakuwahi kuwa na rafu yake. Sasa mtoto wake angekuwa na nne.

Wiki mbili kabla ya kujifungua, mama mkwe wake, Rehemah, alifika kutoka Bombo. Alishuka garini na sanduku la bati, akakataa mtu yeyote amsaidie kulibeba.

"Mama, litakuumiza," Siraje alisema.

"Limekuumiza wewe? Ulivaa kilichomo humu kabla hujajua jina lako. Nipishe."

Alilifungua mbele ya kabati. Ruqaiya alivuta pumzi. Harufu kali, tamu, ya baridi, ilimjaa puani. Ndani mlikuwa na mashuka, kofia, vitambaa vya kumfungia mtoto, na juu ya vyote, kanzu ndogo nyeupe yenye ushonaji wa hariri shingoni. Kila mkunjo wa nguo ulikuwa na vidonge vyeupe, vikubwa kidogo kuliko gololi. Ni vile vinavyouzwa sokoni vya kufukuzia nondo na mende. Wengine huviita nafutalini.

"Kanzu hii aliivaa baba mkwe wako, marehemu Marjan," Rehemah alisema. "Akavaa Siraje. Wamevaa wote wa nyumba yetu. Kwetu sisi, mtoto huivaa siku ya kwanza mpaka siku ya saba. Na haifuliwi ikitoka sandukuni. Unasikia harufu hiyo?"

"Naisikia, mama."

"Hiyo ndiyo nyumba yetu. Mtoto lazima aijue kabla ya kujua kitu kingine."

Macho ya Ruqaiya yalilowa. Yeye hakuwa na nyumba yenye harufu. Alichukua kanzu akaiweka usoni, akafumba macho, akakaa hivyo mpaka Rehemah akamgusa bega.

"Wewe nawe! Umelala?"

"Hapana, mama. Namwona."

Siku hiyo hiyo walipanga kabati. Waliingiza kila kitu humo, kwa furaha, bila mpango. Nguo za sanduku zilichanganyika na nguo mpya. Juu kabisa Siraje aliweka pasi ya mkaa, kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine. Chini likakaa dumu la mafuta ya taa na dawa ya mende. Ruqaiya alinunua vipakiti vitatu zaidi vya nafutalini, akavitawanya kwenye kila rafu na chini ya godoro la kitanda kidogo. Alitaka hata soksi mpya zinuke ukoo. Kisha wakafunga mlango vizuri ili harufu isitoke.

Basi mtoto akazaliwa, mvulana, kilo tatu na robo, mwenye sauti ya kutosha kusimamisha meli. Kesho yake wakarudi nyumbani. Rehemah alimvika kanzu nyeupe, akamfunga vitambaa viwili vya sandukuni, akamlaza nyuma ya pazia la maua.

Siku ya pili mtoto alinyonya kidogo. Siku ya tatu hakulia sana. Mvua ilinyesha mchana kutwa, dirisha limefungwa, na chumba kilikuwa na mwanga hafifu kama wa alfajiri. Ruqaiya alilala na kuamka, akalala tena. Katika usingizi aliwaona watu asiowajua, wote wamevaa nyeupe, wamepanga foleni kumbeba mwanawe. Aliamka akitabasamu. Mtoto alikuwa amelala tu.

"Mtoto mtulivu huyu," alisema.

"Walisema Marjan naye alikuwa hivyo hivyo," Rehemah alijibu. "Hakusumbua mtu."

Siku ya nne mchana, mtu alibisha hodi. Alikuwa jirani yao Concy, mkunga, mwenyeji wa Gulu, mke wa askari mmoja aitwaye Odur. Mtaani wote walimwita Musawo, jina la Waganda la mtu wa tiba. Alikuwa amesafiri kwenda kwao kwa mazishi, amerudi asubuhi hiyo.

"Eh, jamani! Nimesikia tuna mvulana. Yuko wapi, nimwone?"

Alipoinua pazia alisimama. Alinusa mara moja, mara ya pili. Alikwenda dirishani akalifungua lote. Mwanga wa mchana ukaingia.

"Musawo, baridi," Rehemah alimwonya.

"Ni dakika moja tu, Mama Siraje. Ruqaiya, mara ya mwisho amenyonya saa ngapi?"

Ruqaiya alifikiri. Alifikiri tena. "Asubuhi. Alivuta kidogo, akalala."

Concy alimbeba mtoto mpaka dirishani. Alimfinya nyayo kidogo ili aamke. Mtoto alifungua macho nusu. Weupe wa macho haukuwa mweupe. Ulikuwa manjano. Concy alibonyeza pua ya mtoto kwa kidole, akaachia, na pale alipobonyeza pakatokea umanjano. Alibonyeza kifua, kisha mguu. Huko nako manjano.

"Watoto wengi hupata manjano kidogo," Rehemah alisema haraka. "Tutamwanika jua la asubuhi. Ndivyo tulivyofanya siku zote."

"Manjano kidogo usoni, mtoto ananyonya, analia, hiyo tunaitazama kwa makini," Concy alisema. Sauti yake ilikuwa ya upole, lakini mikono ilikuwa tayari inavua kanzu. "Huyu manjano imefika miguuni. Hanyonyi. Haamki. Jua haliwezi kazi hii. Ni hospitali, sasa hivi. Ruqaiya, nipe nguo isiyotoka kabatini."

"Zote zimo kabatini."

Concy alivua leso aliyojitanda mabegani, akamfunga mtoto nayo.

"Unamvua kanzu ya babu yake?" Rehemah aliuliza. Alikuwa amesimama. "Siku saba hazijaisha!"

"Mama Siraje, utanigombeza tukirudi. Nitakaa chini na nitasikiliza yote. Sasa tafuta gari."

Rehemah alimtazama mjukuu wake kwenye mwanga. Kisha akatoka mbio kutafuta gari, mwanamke wa miaka sitini na sita, mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna.

Hospitalini walimlaza mtoto chini ya taa ya buluu, amefunikwa macho kwa kitambaa. Walimtoa damu kisiginoni. Walimfundisha Ruqaiya kukamua maziwa na kumnywesha kwa kikombe kidogo, kila baada ya saa mbili. Daktari, kijana aitwaye Okwera, aliuliza maswali mengi. Swali moja lilikuwa hili: "Nyumbani mnatumia vile vidonge vyeupe vya nondo?"

Ruqaiya alimgeukia mwanawe chini ya taa.

"Ndiyo," alisema. "Mimi ndiye niliyeviweka."

Daktari alieleza, na Concy aliyarudia maneno yake polepole ili wote waelewe. Ndani ya damu mna chembe ndogo sana nyekundu. Kuna watoto wanaozaliwa na chembe dhaifu. Ni jambo la kawaida katika nchi zetu, na huwezi kulijua kwa kumtazama mtoto. Mvuke wa nafutalini hauonekani, lakini unakaa ndani ya nguo. Mtoto anauvuta puani, na unapita kwenye ngozi yake laini. Chembe dhaifu zinapasuka. Zikipasuka nyingi, umanjano unajaa mwilini, ukipanda sana unaharibu ubongo.

"Atapona?" Ruqaiya aliuliza.

"Mmemleta mapema kuliko wengi," Daktari Okwera alisema. "Lakini sitakuahidi kabla ya kesho. Damu yake imepungua. Leo tunangoja."

Wakangoja. Siraje alikuja na nguo zake za kazi, akasimama mlangoni akiogopa kuingia na vumbi. Ruqaiya alikaa kando ya taa. Mwanga ule wa buluu uliogelea juu ya mtoto, juu ya mikono yake, juu ya ukuta. Ilikuwa kama wote wawili wako chini ya ziwa, na yeye akisinzia mtoto atazama. Kwa hiyo hakusinzia. Kwa mara ya kwanza maishani mwake, Ruqaiya hakuota kitu. Alihesabu pumzi za mwanawe tu.

Rehemah alikuwa kwenye benchi nje. Concy alikwenda kukaa naye.

"Sasa nigombeze," Concy alisema.

Rehemah hakumgombeza. Alitazama mikono yake. "Kabla ya Siraje nilizaa mwingine," alisema. "Tulimwita Sadik. Alikuwa mtulivu. Nilimwambia kila mtu, mtoto wangu mtulivu, halii. Siku ya tano akawa manjano kama ndizi. Siku ya nane tukamzika. Alifariki amevaa kanzu ile ile, Musawo. Niliivua nikairudisha sandukuni, nikaongeza vidonge ili isiharibike."

Concy alimshika mkono.

"Je, ni mimi?" Rehemah aliuliza.

"Sitakudanganya. Hatuwezi kujua leo. Manjano ina sababu nyingi. Lakini mtu yeyote aliwahi kukuambia habari za vidonge vile?"

"Hakuna."

"Basi hukumfanyia ubaya. Ulimvika nguo ya baba yake kwa mapenzi. Hukuambiwa, basi."

Rehemah alilia, bila kujificha, leso yote ikalowa. Concy alikaa naye mpaka akamaliza.

Kesho yake saa nne asubuhi mtoto alilia. Si kilio kidogo. Kilikuwa kile cha siku ya kwanza, cha kusimamisha meli. Alikikataa kikombe, akatafuta titi, akalivuta kwa nguvu mpaka Ruqaiya akasema "Ai!" na kucheka na kulia pamoja. Kipimo cha damu kilionyesha umanjano unashuka. Siku ya saba ilimkuta bado chini ya taa, kwa hiyo sherehe ya jina ikangoja. Rehemah alisema jina halina haraka kama mtoto yupo.

Kabla hawajarudi nyumbani, Concy alitoa amri. "Mtoto haingii humo ndani mpaka kabati lile liwe safi."

Alikwenda na Rehemah na Siraje. Walifungua milango na madirisha. Walitoa kila kitu uani, rafu kwa rafu. Walikusanya vidonge vyote, hata vile vya chini ya godoro, wakavifunga kwenye mfuko na kuvitupa shimoni chooni. Waliosha mbao kwa maji na sabuni, wakaziacha zikauke siku mbili. Godoro lililolalia vidonge lilinuka bado, wakalitoa nje na kununua jingine.

"Na nguo hizi?" Siraje aliuliza. "Tuzichome?"

"Tuzifue, tuzianike juani siku kadhaa, tuzinuse," Concy alisema. "Zikinuka, tunafua tena. Nguo inayonuka bado baada ya hapo, mtoto haivai. Wala msifunike harufu kwa marashi au ubani. Pua itadanganyika, damu haidanganyiki. Na zikikauka, piga pasi ya moto, mbele na nyuma."

"Nyuma pia? Nani atatazama nyuma ya nepi?"

"Nzi, bwana. Kuna nzi hutaga mayai kwenye nguo zilizoanikwa. Mayai yanaanguliwa, funza wanaingia kwenye ngozi ya mtoto. Moto wa pasi unayaua."

Siraje hakuuliza tena. Alienda kuwasha mkaa.

Kupanga ndiko kulikomfurahisha Concy. Alisimama mbele ya kabati akiwa amebeba mto mkono wa kushoto.

"Huu ni mtoto," alisema. "Sasa nina mkono mmoja tu. Nepi yangu iko wapi?"

Siraje alionyesha rafu ya juu.

"Nitapanda ngazi na mtoto? Nepi zikae hapa, kifuani, na fulana kando yake. Unanyoosha mkono, umepata. Rafu ya chini yake, mashuka na blanketi. Juu, nguo kubwa za miezi ijayo, kavu kabisa, ndani ya beseni lenye kifuniko. Hapo mende haingii, na huhitaji kidonge chochote. Nguo mbichi hata kidogo isiingie, italeta ukungu. Na hii pasi?" Aliishusha kwa mikono miwili. "Hii ikianguka itampata nani kichwani?"

Pasi ikahamia jikoni. Dumu la mafuta ya taa na dawa ya mende vikatoka nje kabisa, kwenye sanduku lenye kufuli. Siraje alitoboa mlango matundu kumi, juu na chini, ili hewa ipite. Nguo zilizokuwa ndogo walizitenga na zile za baadaye, na kila fungu likafungwa utepe wa rangi yake. Ikawa desturi kila Jumamosi kutoa vyote, kufuta rafu kwa kitambaa kikavu, kuangalia pembe kama kuna mende. Kazi ya nusu saa, tena Siraje aliifanya vizuri kuliko mkewe, maana hakusimama katikati kuota.

Kanzu nyeupe Rehemah aliifua mwenyewe. Hakumruhusu mtu. Aliifua mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, akaianika juani kati ya kila mara, na kila alipoinusa alitikisa kichwa. Harufu ya miaka mingi haiondoki kwa wiki moja. Mwishowe alimpelekea Concy.

"Nusa wewe. Mimi nitajidanganya."

Concy alinusa. "Bado ipo, mama. Kidogo, lakini ipo."

"Basi hataivaa," Rehemah alisema. Alimwomba Siraje amletee kitambaa kipya cha pamba, akashona kanzu nyingine kwa mkono, na shingoni akaifuata ile hariri ya zamani mshono kwa mshono. Ilimchukua siku tisa. Mtoto aliivaa siku ya jina lake. Walimwita Marjan. Daktari Okwera alikuwa amewaandikia kwenye kadi yake kwamba kila akitibiwa, popote, waseme damu yake, kama vipimo vilivyoonyesha, ina zile chembe dhaifu, kwa kuwa zipo dawa zisizomfaa. Ruqaiya aliitundika kadi ndani ya mlango wa kabati, mahali pa kuonekana.

Jioni baada ya wageni kuondoka, Ruqaiya alikaa kwenye mkeka wake. Mlango wa kabati ulikuwa wazi. Hakukuwa na harufu yoyote ila ya sabuni na jua. Alijisikia mpole, mzito, kama mtu anayeelea. Upepo wa ziwa ulipita kwenye mashuka.

Rehemah alikuwa dirishani na simu. Binti yake wa mwisho, Shakirah, alikuwa Bombo, mja mzito wa miezi minane.

"Lile sanduku lako la nguo za mtoto," Rehemah alisema. "Lile nililokupangia mimi. Umelifungua?"

Sauti ya Shakirah ilisikika chumba kizima. "Bado, mama. Nimelifunga vizuri ili harufu isitoke. Ulisema mwenyewe."

"Nilisema. Nilikosea." Rehemah alifumba macho kidogo. "Lifungue sasa. Toa vile vidonge vyote, kimoja kimoja. Nguo zote uzifue."

"Sasa hivi? Mama, nimechoka, miguu imevimba. Nitafanya kesho."

"Shakirah. Nimewahi kumzika mtoto, na juzi nusura tumzike mwingine. Simu naiacha wazi. Inuka, mwanangu, nasikiliza."

Walisikia Shakirah akiguna, kisha mlio wa bati. Walisikia akihesabu kwa uvivu, moja, mbili, tatu. Alipofika kumi na moja uvivu uliisha katika sauti yake. Alifika thelathini na nne. Wakasikia mlango, hatua uani, na vidonge vikianguka shimoni.

"Vimekwisha, mama."

"Tikisa na blanketi."

Wakasikia blanketi likikung'utwa. Kisha, "Kilikuwemo kingine."

"Nilijua," Rehemah alisema. Alingoja mpaka nacho kikaanguka, akakata simu, akajifuta uso kwa kiganja. Nyuma ya pazia Marjan alianza kulia kwa njaa, kwa sauti yake yote.

Ruqaiya alikuwa ameshainuka kabla mtu hajamwita.